Fedha ya Jicho

Shemeji alikuja mwenyewe kukabidhi mchango wake, na aliukabidhi mbele ya watu. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, na mbele ya kibanda cha Fundi Saa walikuwa wamesimama wateja watatu: mama mmoja aliyeleta saa ya ukutani iliyofungwa kwa gazeti, mwalimu mwenye haraka zake, na dereva wa lori aliyetaka kubadilishiwa betri. Shemeji aliegesha pikapu ya duka lake la vipuri pale pale penye kivuli cha wateja, akashuka, akabamiza mlango, akatoa mfukoni kifurushi cha noti kilichofungwa kwa mpira.

"Hesabu, shemeji," alisema. "Hesabu mbele ya mashahidi, kesho usije ukaniambia jicho limepungua."

Fundi Saa aliiweka chini lenzi aliyokuwa ameibana jichoni, akafuta mikono kwa kitambaa, akaanza kuhesabu. Alihesabu kwa vidole kuliko kwa macho, akizipapasa noti moja moja kama mtu anayechagua maharagwe gizani. Alipofika ya kumi na nne alipotea, akaanza upya. Mwalimu akageuza uso kutazama barabara.

"Jamani!" Shemeji alicheka kicheko chake cha tumboni. "Mtu hata noti haioni, na bado mnamletea saa!" Akazichukua noti mkononi mwake, akazihesabu yeye kwa sauti, moja baada ya nyingine, mpaka ya thelathini. "Laki tatu kamili. Nusu ya jicho hiyo, shemeji. Ukishapona, kila ukinitazama utakuwa unanitazama kwa nusu yangu."

Wateja wakacheka, maana mwenye nacho akifanya mzaha, asiye nacho hulipa kwa kicheko. Fundi Saa naye alicheka. Alisema, "Nashukuru sana, shemeji," akazitia noti ndani ya bahasha ya kaki ambayo mkewe, dada wa Shemeji, alikuwa ameiandika kwa herufi kubwa neno moja tu: JICHO. Humo zilikuwamo tayari laki tatu nyingine, zilizotoka kwa binti zake wawili walioolewa mbali, kwa majirani, na kwa jasho la pasi ya mkewe.

Mtoto wa jicho alikuwa ametanda katika jicho lake la kulia, lile la kazi, na utando ulikuwa umeanza kuingia hata la kushoto. Daktari wa macho alifika hospitali ile mara mbili tu kwa mwaka. Jina la Fundi Saa lilikuwa katika orodha ya Jumatatu, la tisa, na sharti lilikuwa moja: asiyelipa laki sita asubuhi ya siku yenyewe, nafasi yake hupewa mwingine, naye hungoja miezi sita. Miezi sita kwa fundi wa saa asiyeiona skrubu ni sawa na kufunga kibanda. Hilo alilijua yeye, alilijua mkewe, na kwa namna mwalimu alivyoichukua saa yake na kusema kwamba angerudi "wiki ijayo", wateja nao walikwisha kulijua.

Upande wa pili wa barabara lilikuwako duka la kamari. Fundi Saa aliingia humo mara ya kwanza mwaka uliopita alipoitwa kutengeneza saa yao ya ukutani; mtu wa heshima huingia mahali pabaya kwa mlango wa kazi. Akiwa juu ya ngazi, aliona katika televisheni kubwa magari ya mbio yakishindana, tena hayakushindana kwa kufukuzana, bali kila moja lilishindana na saa. Lilizunguka njia mara moja, na muda wake ukaandikwa mpaka sehemu ya elfu ya sekunde. Alisimama juu ya ngazi ile akasahau kushuka. Kwa miaka thelathini alikuwa amewatumikia watu ambao hawakujali wakichelewa robo saa. Hakujua kwamba duniani wapo watu wanaoheshimu sehemu ya elfu ya sekunde.

Tangu hapo alivuka barabara kila kulipokuwa na mbio. Hakubeti. Alikaa na kutabiri tu nani angepata muda wa kasi kuliko wote katika mchujo wa Jumamosi, ule unaopanga nani asimame mbele siku ya mashindano. Mara tatu mfululizo alitabiri sawasawa, na wacheza kamari wakaanza kumpisha kiti.

"Karibu, Mzee wa Sekunde!" alipokelewa Ijumaa ile baada ya saa nane. Aliyempokea alikuwa muuza mitumba mmoja ambaye wote walimwita Profesa kwa ajili ya miwani yake na wingi wa maneno yake. "Njoo utubariki. Leo Bwana Harusi anakimbia kama anadaiwa."

Madereva nao walikuwa na majina yao ya pale pale dukani. Bwana Harusi aliitwa hivyo kwa sababu alizoea kutangulia, na wengine wote nyuma yake kama msafara. Kimya alikuwa kijana mwembamba ambaye akihojiwa hujibu kwa maneno mawili, ashinde ashindwe. Siku ile Bwana Harusi alikuwa na bei ndogo, maana kila mtu alimtegemea. Ukimwekea mia, unapata mia na hamsini. Kimya alikuwa na bei ya nane. Ukimwekea mia, unapata mia nane.

"Nisomee vipande," alisema Fundi Saa.

Profesa alimsomea kutoka katika simu yake, maana Fundi Saa hakuweza tena kuona tarakimu ndogo. Njia ya mbio hugawanywa vipande vitatu, na kila kipande hupimwa muda wake. Profesa alisoma mizunguko yote ya mazoezi ya siku ile, na Fundi Saa, aliyefumba macho, alichagua kipande bora cha kwanza cha Kimya, kipande chake bora cha pili, na kipande chake bora cha tatu, ingawa kila kimoja kilitoka katika mzunguko tofauti. Kisha akajumlisha kichwani. Kisha akafanya vivyo hivyo kwa Bwana Harusi.

"Kimya ndiye," alisema. "Ukiviunga vipande vyake bora, anampita Bwana Harusi kwa sehemu themanini na tano za elfu."

"Lakini Mzee, tazama." Profesa alisogeza simu kana kwamba mwenzake angeiona. "Hiki kipande cha tatu unachokisifia, katika mzunguko alimokipata, viwili vya mwanzo alitembea kama anakwenda msibani. Alikuwa anayatunza matairi. Ukimwambia akimbie vyote vitatu kwa pamoja..."

"Kipande kizuri ni kipande kizuri."

"Si saa hii, Mzee."

"Ni saa tupu!" Fundi Saa alifumbua macho, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ilikuwa na uhai. "Mimi nilipotaka kuoa sikuwa na kitu. Nilichukua saa tatu zilizokufa. Moja nikaitoa springi, moja magurudumu, ya tatu mizani ya kuipimia mapigo. Nikaziunga, ikatoka saa moja, nikamvika mke wangu mkononi. Miaka ishirini na sita leo. Haijapoteza hata dakika moja. Muulize mwenyewe, kila siku iko sawa na redio. Usiniambie mimi kwamba vizuri vitatu haviwezi kukaa pamoja."

Profesa akavua miwani, akaifuta. "Basi sawa," alisema. "Saa ya mke sina la kuijibu."

Nyumbani kulikuwa na vyumba viwili, na kimoja kilikuwa cha nguo za watu. Mkewe alipiga pasi nguo za mtaa mzima. Mashati yaliyokamilika yalining'inia katika kamba kutoka ukuta hadi ukuta, na mtu aliyetaka kupita alilazimika kuinama kama anayewaomba radhi wenyewe. Jioni ile jua lilikuwa bado dirishani. Fundi Saa alikaa katika kiti chake, na mkewe aliendelea na kola ya shati la karani mmoja wa mahakama.

"Nimeshapanga mfuko," alisema mke. "Taulo, kandambili, kadi. Kaka kasema Jumatatu atatupitia saa mbili kamili kwa gari."

"Tungekwenda wenyewe."

"Kwa miguu? Na kurudi umefungwa jicho?" Aligeuza shati. "Kasema neno jingine pia. Kasema baada ya jicho ufunge kile kibanda, ukakae pale dukani kwake getini. Mlinzi wake ameondoka."

Fundi Saa aligeuza uso kuelekea dirishani.

"Nilimwambia nitakufikishia tu," alisema mke. "Mimi sikusema ndiyo wala hapana."

"Nikishapata jicho nitakuwa na haja gani ya geti?"

"Ndivyo nilivyomwambia. Akacheka, akasema jicho la kununuliwa na watu halina kiburi." Alikuwa amesema maneno hayo bila uchungu, kama mtu anayesoma barua isiyokuwa yake. Kisha aliiweka pasi wima, akaifuata ile bahasha juu ya kabati, akaiweka mapajani mwa mumewe. "Kaa nayo wewe."

"Kwa nini? Si wewe mweka hazina?"

"Ni jicho lako. Wamekuhesabia vya kutosha. Kaa nayo mwenyewe, Jumatatu uilipe kwa mkono wako."

Alisema hivyo ili kumrudishia mumewe heshima, na hakuwako mtu katika ukoo mzima ambaye angemlaumu. Fundi Saa aliipapasa bahasha. Ilikuwa nene. Alijaribu kuhisi kitu, furaha au aibu, akaona hakuna lililokuja. Kifuani mwake kulikuwa kimya kama ndani ya saa iliyokwisha ufunguo. Palikuwa na hesabu tu. Laki sita mara nane ni laki arobaini na nane. Macho yote mawili, laki kumi na mbili. Mchango wa kila mtu urudi ulikotoka, na noti thelathini zilizofungwa kwa mpira ziwekwe juu ya kaunta ya shemeji, mbele ya wateja wake. "Hesabu, shemeji."

"Unasemaje?" aliuliza mkewe.

"Sijasema kitu."

Jumamosi mchana bei ya Kimya ilikuwa imeshuka kutoka nane hadi saba, na Fundi Saa alipoketi dukani ikawa sita na nusu. Bei za kamari hupanda na kushuka kama za nyanya: wanunuzi wakiwa wengi, faida hupungua. Asubuhi Kimya alikuwa amefanya mazoezi mazuri, na huko kusikojulikana watu walikuwa wakimwekea fedha zao. Mtu mwingine angeingiwa na shaka. Fundi Saa alichukulia kushuka kule kuwa ni ushahidi. Wenye akili, alijiambia, wamekwisha kuviona vipande. Kwa hiyo aliinuka kabla bei haijapungua tena. Na hivyo ndivyo kamari inavyomvuta mtu mwadilifu: humfanya aamini kwamba anawahi kazi.

Msichana wa dirishani alikuwa akila karanga. Alipoiona bahasha alikung'uta mikono.

"Shikamoo, Mzee. Leo umeleta saa?"

"Marahaba. Niwekee Kimya. Muda wa kasi, mchujo wa leo."

"Kiasi gani?"

Akaisukuma bahasha chini ya wavu wa dirisha. Msichana alizitoa noti, akazihesabu kwa mashine, akazitazama, akamtazama yeye. Kisha aligeuza bahasha akasoma.

"Mzee, hapa pameandikwa 'jicho'."

"Bahasha ni bahasha tu, mwanangu."

"Si ungeweka hata nusu? Mimi kazi yangu kupokea, lakini..."

"Pokea basi."

Nyuma yake Profesa alikuwa amesimama na mkeka wake mdogo, karatasi ya kubetia ya elfu mbili. Alisikia yote. Alifungua kinywa, na mtu huyo aliyekuwa na neno juu ya kila jambo akakosa neno. Msichana alimpa Fundi Saa karatasi ndogo na kuirudisha ile bahasha tupu, ambayo aliikunja mara mbili na kuitia mfukoni. Hakutaka ibaki pale.

Mchujo ulianza saa tisa. Magari yalipunguzwa mara ya kwanza, yakapunguzwa mara ya pili, yakabaki kumi. Fundi Saa aliliona gari la Kimya kama doa la buluu tu likielea katika ukungu wa jicho lake, lakini masikio yake yalikuwa mazima, na Profesa alikaa kando yake akimsomea bila kutia chumvi. Bwana Harusi alimaliza mzunguko wake. Muda wake ulikuwa mzuri kuliko wote wa wiki ile. Watu wakapiga meza.

"Bado Kimya," alisema Profesa. "Ndiye wa mwisho. Muda umekwisha, akivuka mstari hakuna mwingine."

"Kipande cha kwanza?"

"Ngoja... Bora! Bora kuliko wote!"

Duka zima likageuka kumtazama Fundi Saa. Mtu mmoja nyuma akasema, "Mzee mchawi huyu."

"Cha pili?"

"Bora tena! Mzee! Yuko mbele kwa sehemu mia moja na tisini!"

Fundi Saa hakusogea. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, imetulia kama inavyotulia akishika kibano. Alingoja kipande cha tatu, kile alichokijua, kile kizuri kuliko vyote vitatu. Katika televisheni lile doa la buluu liliingia kona ya mwisho. Matairi yalikuwa yamekwisha kutoa roho yao yote katika vipande viwili vya kwanza. Hayakuwa na pumzi ya cha tatu. Gari liliteleza kidogo, kiasi cha upana wa mkono, likakaa sawa, likavuka.

Profesa hakusoma.

"Cha tatu," alisema Fundi Saa.

"Wa pili, Mzee. Sehemu arobaini na moja."

"Za elfu?"

"Za elfu."

Ni muda ambao jicho zima haliwezi kuuona, seuze bovu. Fundi Saa alitikisa kichwa polepole, kama fundi anayekubaliana na hitilafu aliyoonyeshwa na mwenzake. Baadhi walikuja kumpa mkono, wakisema "karibu upate, Mzee," na "sekunde hazina adabu." Aliwashukuru mmoja mmoja. Kisha akainua macho kwenye saa ya ukutani, ile aliyoitengeneza yeye, akauliza ni saa ngapi, kwa sababu hakuiona.

Mkewe alikuwa akipiga pasi shuka ya tatu alipoingia. Fundi Saa aliinama chini ya mashati, akaketi, akatoa mfukoni bahasha iliyokunjwa na karatasi ndogo ya kamari, akaviweka vyote viwili juu ya meza ya pasi, kando ya chupa ya maji ya kunyunyizia.

Mke aliinua bahasha, akaiona nyepesi. Akasoma karatasi. Alisoma taratibu, mpaka na namba ndogo za chini zisizo na maana.

"Zote?" aliuliza.

"Zote."

"Na imeliwa."

"Imeliwa. Kwa sehemu arobaini na moja za elfu ya sekunde."

"Sijakuuliza kwa ngapi."

Alirudi kwenye shuka. Aliikunja sehemu mbili, akaipitisha pasi, akaikunja sehemu nne. Fundi Saa alingoja akemewe. Alikuwa amejitayarishia kemeo njia nzima, na aliona kwamba angelipokea kwa shukrani, kama mtu aliyetoka baridini anavyopokea hata moshi. Lakini lililosikika lilikuwa mvuke wa pasi tu.

"Sema neno, mke wangu."

"Niseme nini? Shuka za watu zinachukuliwa leo." Akanyunyiza maji. "Nilikupa mimi mwenyewe, mkononi. Mtu akiuliza nani alimpa, nitajibu nini?"

"Nilitaka kuwarudishia."

"Walitaka kurudishiwa, Baba? Kuna aliyekudai?"



Jumapili asubuhi Fundi Saa aliamka kabla ya mkewe kujua kwamba yuko macho. Alilala chali akitazama ukungu uliokuwa dari. Redio ya jirani ilikuwa wazi, kama kila siku, na ilipofika saa moja ilipiga ile milio yake mifupi ya kutangaza saa. Ndipo, pale pale baada ya mlio wa mwisho, alisikia kutoka chumba cha pili sauti ndogo sana: *tik*.

Miaka thelathini ya kazi ilimwambia sauti ile ni nini bila kuuliza. Ni sauti ya kifungo cha pembeni cha saa ya mkono kinapovutwa nje ili mishale isogezwe.

Aliinuka akaenda mlangoni. Mkewe alikuwa amesimama dirishani kati ya mashati, mkono wa kushoto juu, vidole viwili vya mkono wa kulia vimeshika kifungo. Alipomwona aliganda.

"Unaifanya nini saa?"

"Sifanyi kitu."

"Nimesikia kifungo."

Mke alitazama chini. "Naisogeza tu kidogo."

"Inapoteza?"

Mkewe aliushusha mkono wenye saa.

"Dakika nne," alisema. "Kwa siku."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka ule wa kwanza. Kila asubuhi redio ikilia, naisogeza."

"Miaka ishirini na sita!" Sauti yake haikupanda. Alikuwa kama anayehesabu noti gizani, aliyepotea, asiye na nguvu ya kuanza upya. "Mbona hukuniambia? Mimi ni fundi. Ningeifungua nikaitazama."

"Ulikuwa ukiwaambia watu. Kila mgeni akija: 'mwonyeshe saa, mama, iko sawa na redio.' Ulikuwa unafurahi." Alisita. "Na mimi nilikuwa nafurahi. Haikuwa kazi kubwa. Ni kusogeza tu."

Fundi Saa alisimama pale. Shati la karani wa mahakama lilimgusa bega kwa mkono wake mtupu. Alitaka kumwambia habari ya saa tatu zilizokufa, jinsi alivyolitoa neno lile dukani mbele ya watu, jinsi Profesa alivyovua miwani na kukubali. Hakusema. Lingekuwa kama kumbebesha mzigo mtu aliyekwisha kuubeba siku zote.

Mkewe alikisukuma kifungo ndani. Hakuwa ameisogeza mishale.

Jumatatu, saa mbili kamili, pikapu ilipiga honi nje. Shemeji alikuwa amevaa shati jeupe na kujipaka manukato, kama mtu anayekwenda kupokea risiti yake.

"Haya, wagonjwa!" aliita kabla hata ya kubisha hodi. "Jicho langu liko wapi? Twende, kule ni foleni."

"Karibu ndani, shemeji," alisema Fundi Saa.

"Ndani ya nini? Utachelewa."

"Karibu ukae kidogo."

Shemeji aliinama chini ya mashati, akakaa ukingoni mwa kiti. Aliutazama mfuko wa hospitali uliokuwa umefungwa kando ya mlango, taulo likichungulia. Fundi Saa hakukaa. Alikuwa ameamua kulisema akiwa amesimama.

"Fedha ya jicho sinayo. Nimeicheza kamari juzi Jumamosi. Yote, na yako ndani yake."

Shemeji akacheka. "Shemeji, mzaha huu wa asubuhi..." Kisha akamtazama dada yake, na kicheko chake kikaisha polepole, kama gari lililoishiwa mafuta. "Kweli?"

"Kweli, kaka," alisema dada yake.

"Kamari? Yeye? Mzee huyu asiyekunywa hata soda ya mkopo?" Nje injini ilikuwa ikinguruma. "Mpira?"

"Magari," alisema Fundi Saa. "Mchujo wa magari."

"Hata magari huyaoni!"

"Siyaoni."

Shemeji alifungua vifungo viwili vya shati lake jeupe. Kwa muda mrefu kwa kipimo cha mtu kama yeye, alitafuta neno zito la kutosha, na uso wake ulibadilika mara kadhaa, kutoka hasira hadi mshangao, hadi kitu kingine alichokificha kwa kukohoa. Mwishowe alilolitoa lilikuwa lile alilokuwa nalo tangu wiki iliyopita.

"Mlinzi sina," alisema, akitazama ukuta. "Nimekaa siku sita bila mlinzi. Kazi ya kukaa getini haitaki macho mawili. Laki tatu zangu nitakata kidogo kidogo, na za wengine ujue mwenyewe. Daftari la kuingia na kutoka ataandika mtu mwingine."

"Kaka," alisema dada.

"Nasema tu. Sikumlazimisha mtu."

Fundi Saa aliinua kichwa. Mbele yake mashati yalining'inia safu, meupe yote katika ukungu, kama watu waliokuja kusikiliza kesi. Alifikiri juu ya kibanda, kibano, na ile saa ya ukutani ya yule mama, iliyokuwa bado imefungwa kwa gazeti. Aliona kwamba ingetakiwa kurudishwa leo, ikiwa kama ilivyokuja.

"Nianze lini?" aliuliza.

"Leo leo, ukitaka. Lakini mlinzi wangu huingia saa mbili kamili, si mbili na dakika. Leo umekwisha kuchelewa."

Fundi Saa alimgeukia mkewe.

"Saa ngapi sasa?"

Mkewe aliinua mkono wa kushoto. Redio ilikuwa imepiga saa mbili zamani, wote watatu waliisikia, na pikapu iliingia pamoja na mlio wake. Aliitazama saa yake kwa makini, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa na mkono anaoujua.

"Saa mbili kasoro dakika tatu," alisema.

Shemeji aliitupia jicho saa yake kubwa ya mkononi, akafungua kinywa, akakifunga.

"Basi bado sijachelewa," alisema Fundi Saa, akainama na kuanza kupapasa sakafuni akitafuta viatu vyake.